Theluji Ndani ya Daraja la Sawtell

Della Whitcomb alikuwa amemzungusha mumewe kwenye madaraja yote yenye paa ya jimbo la Vermont, ya kaskazini na ya kusini, mazima na mabovu, isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa la kijijini kwao, alikozaliwa yeye mwenyewe. Murray akilitaja tu, Della hukumbuka kuwa ana vyombo vya kuosha.

Na Murray alikuwa mgonjwa wa madaraja hayo. Alitoka New Jersey akiwa kijana, akaja kufundisha hesabu shule ya sekondari, akaoa, akang'ang'ania. Alizeekea hapohapo, nywele zikamtoka hapohapo, lakini wenyeji hawakuacha kumwita mgeni, na kwa kweli furaha zake zilikuwa za kigeni. Mwenyeji akiona daraja la mbao lililoezekwa na kuzibwa ubavu huu na huu kama ghala la nyasi, anaona njia ya kwenda kwa mjomba wake. Murray yeye alishuka garini, akavua kofia, akapapasa mihimili na kuuliza imeungwaje. Kila vuli, majani yakishaanza kuwa mekundu milimani, nyumbani humkuti.

Vuli hii hakuwa anaendesha tena. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imechakaa, na daktari alimnyang'anya usukani, akampa vidonge, akamwambia vali hiyo ibadilishwe haraka. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imetengwa wiki inayofuata. Kilichobaki ni Murray kusema ndiyo, na Murray hakusema. Kaka yake aliingia chumba cha upasuaji akiwatania wauguzi, akatolewa amefunikwa shuka, na tangu siku hiyo ukimtajia Murray hospitali anaanza kukuhadithia hali ya hewa.

Della alibembeleza. Akanuna. Akalia bafuni maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa ili asisikike. Mwishowe, asubuhi moja mezani, akaona abadilishe mbinu.

"Murray, tufanye biashara."

"Biashara gani na mimi? Huoni nimekaribia kufilisika?"

"Nikikupeleka Daraja la Sawtell, unakwenda hospitali."

Murray akaweka kikombe chini polepole. "Sawtell lenyewe? La kwenu?"

"Lenyewe."

"Lile ambalo nikilitaja jikoni pananuka sabuni?"

"Ndilo hilo, na usinicheke. Utapiga picha mpaka simu izime. Halafu unampigia daktari unamwambia umekubali."

Alimtazama mkewe. Hakuwa mjinga, mzee huyu. Alijua mwanamke hawezi kutoa kitu alichokificha maisha yake yote ila kwa shida kubwa.

"Nitafikiria nikishaliona," akasema, na akaenda kutafuta koti.

Wakaondoka baada ya chakula cha mchana. Della alikwepa barabara kuu, akashika ile ya changarawe inayopita nyuma ya mashamba, kwa sababu Murray hupenda njia ndefu na leo alitaka kumpa kila anachokipenda. Miti ile inayokamuliwa utomvu wa sukari ilikuwa imeiva kwa wekundu pande zote, majani yanadondoka juu ya kioo cha gari. Murray alikuwa na mfuko wa donati za moto mapajani, zile zinazokandwa kwa maji ya matofaa, na midomo imemjaa sukari.

"Unaendesha kama umebeba mayai," akasema.

"Nimebeba yai moja, na limeoza."

"Lakini umelitunza."

"Nani mwingine angelitaka?"

Murray akacheka mpaka akakohoa, akashika kifua kidogo, akajifanya anatafuta kitambaa. Della aliona. Akaongeza mwendo.

Kadiri walivyokaribia kwao ndivyo maneno yalivyompungua. Hapo kwenye uzio wa mawe ndipo alipokuwa akingojea basi la shule. Nyumba yao iliuzwa zamani. Waliomo sasa wameipaka rangi ya bluu, rangi ya mtu asiyemjua marehemu baba yake Della. Chini ya kilima ilisikika sauti ya mto, kisha barabara ikakunja kona, na Della akapunguza mwendo.

Inafaa tuseme anachokiogopa. Babu yake Della, Asa Sawtell, alikuwa mmwaga theluji wa daraja lile. Kazi hiyo imekufa, lakini wakati wa farasi kila kijiji chenye daraja la paa kiliihitaji. Majira ya baridi watu walisafiri kwa sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya vyuma viwili, na chuma hakitelezi juu ya mbao kavu. Paa lilizuia theluji isiingie darajani, basi lazima mtu aibebe kwa beleshi, aimwage ndani, aisawazishe, ili wenzake wapite. Babu Asa alifanya hivyo tangu ujana mpaka mgongo ulipopinda.

Sasa, babu huyu alikuwa akisema kazi ile hakuifanya peke yake. Mara chache sana, katikati ya kiangazi au wakati wa mavuno, alilikuta daraja limekwisha kumwagiwa theluji na mtu asiyemjua. Theluji safi, iliyosawazishwa vizuri kuliko anavyosawazisha yeye, haina alama ya mguu. Na kila ilipotokea hivyo, jua halikuzama kabla mtu wa kijiji hajavushwa. Ng'ambo ya Daraja la Sawtell hakuna duka wala nyumba ya mtu. Kuna makaburi.

Della angeweza kuyaita hayo maneno ya mzee aliyekaa sana na baridi. Tatizo ni kwamba aliiona kwa macho yake. Alikuwa msichana, mwezi wa saba, jua linachoma, anatoka kuogelea, akakuta daraja jeupe ndani. Alikimbia nyumbani kwenda kumwambia mama. Mama alikuwa amelala kifudifudi kati ya matuta ya maharage, jembe bado liko mkononi. Jioni ile babu alikaa ngazini akijipiga goti kwa ngumi, akisema maneno yaleyale: "Laiti ningeliona mapema. Ningelikwangua. Daraja likiwa tupu sleji ya huyo mtu haipiti." Tangu siku hiyo Della hakulivuka tena, waliomzika mama yake walivuka bila yeye.

Hayo yote Murray hakuwahi kuambiwa. Alijua tu kwamba mama mkwe alikufa mapema na kwamba daraja halitajwi.

"Lile pale!" Murray akapiga makofi. "Ee bwana wee, tazama mgongo wake!"

Daraja lilikaa juu ya mto, rangi ya kijivu, paa limefunikwa majani mekundu, na juu ya mlango bado kulikuwa na kibao cha zamani cha kuwataka watu wasikimbize farasi ndani. Magari hayakuruhusiwa kuvuka siku hizi. Lilikuwa la kutazamwa na kutembelewa kwa miguu. Della alisimamisha gari mbele ya mlango, kando kidogo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Saa za alasiri zilikuwa zimeanza kuchoka, na ndani ya daraja kulikuwa na giza.

Giza, lakini chini kulikuwa na weupe.

"Della," Murray akasema, akisogeza uso kioni. "Ile si theluji?"

Della akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Theluji, mwezi wa kumi! Nje kukavu, ndani imejaa! Wamewatengenezea watalii, nini? Hawa watu wenu wana akili, kumbe." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkanda wa kiti.

"Usishuke."

"Mbona tena? Tumekubaliana—"

"Murray. Usishuke. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Hakuwahi kumsikia mkewe akiomba kwa jina la Mungu hata siku za kujifungua. Akaondoa mkono kwenye mkanda. Na hapo, garini, kwa sauti ya chini, huku macho yake hayabanduki kwenye ule weupe, Della alimwambia yote: babu, beleshi, maharage, mama. Murray alisikiliza bila kutia utani. Alipomaliza, mzee akamshika mkono, na mkono wake mzee ulikuwa wa baridi ingawa kipasha joto cha gari kilikuwa kinavuma.

"Masikini, mke wangu," akasema. "Miaka yote hiyo mimi nakusumbua na picha. Haya, geuza gari twende nyumbani."

"Nyumbani hakusaidii. Mama alikuwa nyumbani."

"Sasa unataka tufanyeje?"

Della alikuwa ameshafungua mlango. Huku hakuna mtu anayeingia mwezi wa kumi bila beleshi kwenye buti la gari, na lake lilikuwapo, la bati pana, mpini umelainika. Akalitoa. Murray akateremsha kioo.

"Della, una miaka sabini."

"Najua umri wangu."

"Basi lete nikusaidie."

"Wewe? Kila baridi magazeti yanajaa wazee wenye moyo mbovu waliofia kwenye beleshi. Ukiweka mguu mmoja chini, hizo funguo nazichomoa nazitupa mtoni, tutarudi kwa miguu."

"Huyu mwanamke!" Murray akainua mikono. Kisha uso ukamlainika. "Njoo hapa. Sikiliza. Mimi siamini theluji yako. Lakini kama wewe unaweza kuingia mle ndani kwa ajili yangu, mimi nitashindwaje kulala kwenye kitanda cha daktari? Nitakwenda."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Kesho asubuhi napiga simu. Wapasue, washone, watie vali ya ng'ombe wakitaka."

Della akamwinamia dirishani akambusu sukari yote midomoni. Alitaka kulia, akakataa, kwa sababu kazi ilikuwa mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto alihisi kwamba mume wake atapona. Akaingia darajani na beleshi lake.

Baridi ya mle ndani haikuwa ya mwezi wa kumi. Ilimpanda kutoka kwenye soli. Theluji ilikuwa kavu na nyepesi, imelala kutoka ubavu huu hadi ubavu huu, imesawazishwa hivi kwamba alijuta kuichafua. Alianzia mlangoni, upande wa gari. Chini ya kuta kulikuwa na nafasi, mbao hazifiki sakafuni, na humo ndimo alimoisukumia. Ilianguka mtoni bila sauti. Alikwangua upana wote, akasogea hatua, akakwangua tena. Nyuma yake mbao zikabaki nyeusi na kavu. Alifanya kazi ya babu kinyumenyume, na alipofikiri hivyo akapata nguvu ya ajabu, kama ya hasira.

"Hupiti," alikuwa akinong'ona. "Leo hupiti. Pita uone."

Akageuka nyuma. Murray alikuwa anamtazama kupitia kioo, ameinua donati kumshangilia. Akapunga mkono. Akaendelea. Mabega yalianza kuwaka, jasho likamtiririka na kugeuka baridi mgongoni. Alipogeuka tena Murray alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, amefumba macho, na Della akafurahi kwamba amepumzika. Baada ya hapo hakugeuka. Alifika katikati ya daraja, akapita katikati, na hapo akaanza kusimama kila mara kuhema, ameegemea mpini. Iliyobaki haikuwa nyingi. Kipande tu kuelekea ng'ambo.

Ndipo alipoisikia. Chuma juu ya mbao.

Ilitoka nyuma, upande wa kuingilia. Mkwaruzo mrefu, ukasimama, ukaanza tena. Della alikaa kama alivyo, beleshi limeinuliwa, hawezi kugeuza shingo. Aliogopa mpaka akaonja chumvi mdomoni. Mkwaruzo ukaja, ukaja, ukakatika ghafla. Farasi akapiga chafya. Mtu akakohoa, akatema mate, akasema kwa sauti ya uchovu, ya mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri:

"Ala! Nani kakwangua hapa?"

Kilichomfungua Della shingo ni kile kikohozi. Hakuna kitu cha kuogopesha katika mtu anayekohoa kohozi la tumbaku. Akageuka. Mwanga wa mlangoni ulikuwa nyuma yao, kwa hiyo hakuona sura. Aliona farasi mnene mmoja, masikio yamelala, na mtu amesimama mbele ya kitu kirefu cha chini chenye mzigo uliofunikwa blanketi zito. Harufu ya jasho la farasi na ya samadi ikamfikia, harufu ya nyumbani kabisa.

"Nani wewe?" akauliza.

"Mtu wa mzigo tu, mama. Nimekwama."

"Theluji hii uliiweka wewe?"

"Nani mwingine ataiweka? Nimeimwaga mwenyewe asubuhi, nimeisawazisha vizuri. Narudi na mzigo nakuta daraja liko uchi."

Della akateremsha beleshi. Kumbe! Akacheka, akaziba mdomo kwa glavu. Lazima alikuwa mmoja wa wale wa shamba la juu ya kilima, wanaofanya kazi kwa farasi mpaka leo, wanaokokota mawe na magogo hata kusipokuwa na baridi. Kijiji hakiruhusu chuma kukwaruza mbao za daraja la kale, naye, mtu wa adabu zake, akachota theluji inayokwanguliwa na mashine na kutupwa nyuma ya uwanja wa kuteleza barafu, ikapatikana kwa urahisi, akaimwaga ili avuke bila kuharibu. Na yeye Della, bibi mzima, amekuja na beleshi lake na hadithi za babu, amemharibia mtu kazi ya asubuhi nzima. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na chini ya aibu kulikuwa na furaha tupu: hakuna sleji iliyomjia mtu yeyote. Murray amekubali, Murray atapona.

"Jirani, nisamehe. Ni mimi. Nilidhani… we acha tu nilichodhani, utanicheka mpaka Krismasi."

"Umeshakwangua," akasema yule mtu, bila ukali. "Sasa tunafanyaje? Jua linakwenda, na farasi peke yake haivuti."

Hapo hakuna mwenyeji wa huku ambaye angeuliza swali jingine. Mtu aliyekwama hapitwi. Si wema, wala hakuna anayeshukuriwa sana. Ni namna watu wanavyoishi. Masika gari linazama kwenye tope, Januari linateleza mtaroni, unasimama, unashuka, unatia bega, na jina la mtu utalijua baadaye ukijali. Della alilelewa hivyo. Amesukuma magari ya watu asiowapenda, amewahi kumsukumia hata mwanamke aliyemwibia mbwa. Na leo, zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyemkwamisha mwenzake.

"Subiri," akasema. Akaegemeza beleshi ukutani, akarudi, akapita pembeni mwa farasi, akamgusa shingo. Ilikuwa na joto. Akazunguka nyuma, akaweka viganja vyote viwili kwenye ubao wa nyuma, akainamisha kichwa. "Haya, mwambie avute!"

"Vuta, mzee, vuta!"

Chuma kikalia. Hakuna kilichosogea. Della akarudisha mguu, akakita ncha ya kiatu mbaoni, akasukuma kwa mapaja kama alivyofundishwa, na kile kitu kikasogea upana wa kiganja kimoja, kikasimama.

"Umebeba nini humu, mawe?"

"Si kizito, mama. Ni mbao kavu zinazokataa. Kikifika kwenye theluji yangu kitakwenda chenyewe."

"Tena!"

Wakasukuma tena. Moyo ulimdunda masikioni, akasema moyoni kwamba wa kwake ni mzima, ashukuru, autumie. Kiganja kwa kiganja walipita sehemu yote aliyoikwangua kwa jasho lake. Macho yake yalikuwa chini, hakuona ila viatu vyake na mistari miwili myeupe ambayo chuma kilichora juu ya mbao. Aliwaza kwamba Murray atamcheka akimsimulia. Aliwaza kwamba atamsimulia njiani wakirudi, kabla hajasinzia.

Ghafla uzito ukaisha. Vyuma vilikuwa vimeikamata theluji. Kile kitu kiliteleza mbele laini, bila sauti, na Della nusura aanguke kifudifudi; akakimbia nacho hatua kadhaa, viganja bado viko ubaoni, akicheka kwa sauti kama msichana.

"Hicho kimekwenda!"

"Kimekwenda, mama. Mungu akubariki."

Wakatoka upande wa pili, kwenye mwanga. Mwanga wa alasiri ulikuwa wa njano juu ya majani na juu ya mawe yaliyosimama safu safu mlimani, na hapo Della aliona kwamba alichokuwa anasukuma si kigari cha kubebea mawe. Kilikuwa na kiti. Blanketi lilikuwa limeteleza kwa ule mshtuko wa kutoka, na mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kugusa, kulikuwa na kisogo cha mtu.

Alikijua kisogo hicho. Alikuwa amekinyoa mwenyewe jikoni Jumamosi, mkasi ukateleza, akaacha ngazi upande wa kushoto, akasema hakuna atakayeona.

Murray akageuka. Uso wake ulikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyesimama mvuani akaona taa za gari analolifahamu.

"Della! Nilijua tu hutaniacha nimekwama pale."

"Shuka," akasema Della. Sauti haikutoka. Akashika ubao wa nyuma kwa mikono yote miwili, akakita visigino. "Murray, shuka! Simamisha! Wewe, simamisha farasi, huyu ni wangu, amekubali kwenda hospitali, amekubali!"

Nyasi zilikuwa kijani na kavu, na bado kile kitu kiliteleza juu yake bila tabu. Kilimburuta. Yule mtu hakugeuka, lakini sauti yake ilikuwa ya upole.

"Achia, mama. Umeshasukuma vya kutosha."

Vidole vikamponyoka kimoja kimoja. Sleji ikapanda kilima kati ya mawe, Murray akiangalia huku na huku kama anavyoangalia kila mahali pageni, na pale njia inapokunja nyuma ya ukuta wa makaburi hakukuwa tena na farasi wala mtu.

Della alirudi akikimbia. Theluji ya upande wa ng'ambo haikuwa na alama ya chuma wala ya kwato. Kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, viatu vyake, ncha zimezama sana, kama za mtu anayesukuma kitu kizito. Alizikanyaga, akafika kwenye mbao tupu, akateleza, akajiumiza goti, akainuka. Alimwita Murray kwa urefu wote wa daraja.

Gari lilikuwa pale, kipasha joto kinavuma. Murray alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti kama alivyomwona mara ya mwisho, mkanda bado umefungwa. Hakuwa ameweka mguu chini. Alikuwa mume mtiifu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yote. Della alifungua mlango, akashika uso wake kwa viganja vyote viwili, na ndipo aliposikia jinsi viganja vyake vinavyochoma, vimechubuka vyote kwa ubao wa sleji.

Alikaa chini, kwenye majani, karibu na miguu ya mumewe. Alikuwa ameikwangua karibu njia yote. Sleji ilikuwa imekwama kabisa, farasi ameshindwa, jua linakwenda, na hakukuwa na mtu mwingine darajani wa kuwasaidia. Angemwacha mtu amekwama, siku hii moja tu maishani mwake, angekuwa sasa anamrudisha Murray nyumbani.